Heko kwa Mafundi na Walinzi wa Makaburi ya Gede

Katika mji wa kale wa Gede, kusini mwa Malindi, lipo kaburi lenye tarehe iliyochorwa kwenye lipu yake: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Ni tarakimu chache tu, lakini zimewasaidia wataalamu kuupima umri wa mji mzima.

Pongezi za kwanza ziwaendee mafundi. Walichimba matumbawe, wakayachonga yangali laini, wakachoma mengine kupata chokaa, kisha wakajenga makaburi yenye nguzo ndefu, fahari ya pwani ya Waswahili. Nguzo za namna hiyo zipo pia Malindi, Kaole na Kunduchi. Nyingine zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Aliyezikwa chini ya nguzo kama hizo, hata jina lake likipotea, anatuachia ushahidi wa biashara iliyovuka Bahari ya Hindi.

Pongezi za pili ni za walinzi. Gede ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuifukua mwaka 1948. Leo Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayoitunza, na mwaka 2024 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia.

Sifa hiyo ni haki ya wafyekaji wanaozuia mizizi isipasue kuta, na ya waongozaji wanaowasomea watoto wa shule maandishi ya kwenye mawe. Bila wao, tungebaki na vifusi.