Kaa na Anemoni Wake Wawili

Mtu wa bara, kutoka Ruiri, akishuka Mombasa hutazama bahari kwa ukubwa wake: meli, mawimbi, upeo wa macho. Fundi ninayemsifu hapa yuko chini ya jiwe, na gamba lake halizidi ukucha wa kidole gumba.

Ni kaa wa jenasi ya Lybia. Hukaa kwenye vifusi vya matumbawe, na jamii zake zimeenea toka Bahari ya Shamu na mashariki mwa Afrika hadi Hawaii. Magando yake ni membamba mno, hayawezi kuvunja kitu. Yana vijino vya kushikia tu, na kila gando limebana anemoni mmoja, kiumbe laini chenye minyiri inayochoma. Adui akisogea, kaa humpungia anemoni usoni.

Anemoni anayeshikwa na baadhi ya kaa hawa ni Triactis producta, aliyeelezwa mwaka 1877 na Klunzinger, Mjerumani aliyekuwa daktari mjini Quseir, Misri. Akiwa huru mwambani naye ni fundi kivyake: mchana hutandaza matawi yaliyojaa mwani mdogo yapate jua, usiku hutoa minyiri yake kuwinda.

Lakini tazama jinsi anavyoshikwa. Akibanwa sana atakatika, akilegezwa atachukuliwa na maji. Kaa huyu humshika hivyo siku nenda siku rudi, akitembea na akila. Siku ya kujivua gamba humweka chini, kisha humwokota tena.

Watafiti wa Israeli walichunguza Lybia leptochelis wa Bahari ya Shamu, ambaye hubeba anemoni wa jamii nyingine, na mwaka 2017 walichapisha jambo la ajabu. Walimnyang'anya kaa anemoni mmoja. Akamshika aliyebaki kwa magando yote mawili, akamvuta polepole huku na huku hadi akapasuka katikati. Ni kama mkulima wa Kibirichia, huko huko bara, anavyokata kiazi cha mbegu, kila kipande kibaki na jicho lake. Baada ya siku chache kila nusu ilikuwa anemoni kamili. Aliyenyang'anywa wote wawili alimwendea mwenzake, wakapigana, akajipatia mmoja au kipande.

Husemwa kwamba wawili hawa wanasaidiana. Mimi nina shaka. Chakula kinachonaswa na minyiri, kaa hukikwangua na kukila mwenyewe. Watafiti haohao walikwisha kuonyesha mwaka 2013 kwamba anemoni akitolewa gandoni na kulishwa vizuri, hukua na kumzidi mbali yule aliyeshikwa. Kumbe udogo wake ni wa kupimiwa, na mpimaji ni kaa.

Hata hivyo, ustadi ni ustadi. Kaa wa Hawaii wakigombana wao kwa wao husukumana kwa miguu, na anemoni huwaweka kando wasigusane na mpinzani.