Kuchagua Rejeta ya Ford ya 1932 Iliyobadilishwa Injini

Ford ya 1932 ina pua ndefu na nyembamba, na rejeta yake husimama ndani ya ganda la chuma linaloonekana kutoka mbele. Ganda hilo ndilo sura ya gari. Mafundi wa hotirodi wa Marekani, wanaochukua magari ya zamani, kuyapunguza uzito na kuyafungia injini kubwa, hukata vingi katika gari hili lakini ganda hulibakiza. Rejeta mpya kwa hiyo haina budi kuingia katika nafasi ya ile ya zamani, ingawa kazi inayoisubiri ni tofauti kabisa.

Injini ya V8 iliyotoka na gari hilo ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu farasi 65. Vali zake zilikaa pembeni mwa silinda, na njia za moshi zilikatiza ndani ya bloku, zikizungukwa na maji. Moto ambao ungetoka moja kwa moja kwenye ekzosi uliishia kwenye rejeta, na sifa ya injini hiyo kuchemsha haikuwa ya kusingiziwa. Inayofungwa badala yake mara nyingi ni V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza kutengenezwa kwa ajili ya magari ya 1955. Ya lita 5.7 iliyotengenezwa upya hufikisha kirahisi nguvu farasi 250 au zaidi.

Kwa kutazama tarakimu hizo, mnunuzi hudhani anahitaji rejeta nene kadiri anavyoweza kupata. Hesabu hiyo ina kasoro. Gari jepesi likienda mwendo wa kawaida barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hizo, na upepo wa mbele husaidia kupoza. Saa ngumu ya rejeta ni kwenye foleni, au kwenye msafara wa maonyesho wakati wa jua kali: injini inawaka, gari linatambaa, upepo hakuna. (Magari ya mbio fupi ndiyo hayana shida hii, mengine hukimbia bila rejeta kabisa, kwa kuwa mbio huisha kabla maji hayajachemka.) Swali la kwanza basi ni hewa kiasi gani itavutwa kupita kwenye mapezi gari likiwa limesimama. Unene unakuja baadaye.

Eneo la uso ndilo lenye thamani kubwa kuliko vipimo vingine. Hewa inayoingia mbele ni baridi; ikifika safu ya nyuma ya mirija imeshapata joto, na kila safu inayoongezwa hufanya kazi kidogo kuliko iliyotangulia huku ikizidi kuizuia hewa. Mapezi yaliyobanana mno nayo huizuia. Wanaopunguza ganda kwa inchi 2 ili gari lionekane limeinama hupoteza eneo ambalo unene haulirudishi lote. Mirija ya kulala, yenye matangi kushoto na kulia, huwafaa wenye magari mapana. Hapa matangi hayo yangemeza upana ambao tayari ni haba, hivyo maji hushuka kutoka tangi la juu kwenda la chini kama zamani.

Mvutano wa madini hauna mshindi wa wazi. Shaba nyekundu hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, lakini mirija ya rejeta za kizamani ni ya shaba ya njano na hushikanishwa na mapezi kwa lehemu, ambayo hupitisha joto vibaya. Tena mirija hiyo kwa kawaida ni myembamba, takriban nusu inchi. Alumini huruhusu mirija ya inchi moja au zaidi, hivyo safu mbili zake huweza kushindana na safu nne za shaba, na uzito hupungua sana. Upande wa pili, rejeta ya shaba hutengenezeka kwa fundi yeyote mwenye lehemu, na kwa gari linalotakiwa kuonekana la miaka ya 1940 ndiyo inayostahili. Alumini hudai kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu na nyaya zilizofungwa vizuri kwenye chasi; umeme unaopotea ukipita kwenye maji huweza kuitoboa.

Midomo ya maji ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa. V8 ya zamani ilikuwa na mipira miwili juu na miwili chini, jozi kwa kila upande wa injini. Chevrolet ina mmoja juu na mmoja chini, na upande unapotokea ule wa chini hutegemea pampu iliyofungwa. Nafasi kati ya pampu na rejeta nayo hupimwa injini ikiwa mahali pake. Distribyuta ya Chevrolet hukaa nyuma na kugombana na ukuta unaotenga injini na abiria; asiyetaka kuubonyeza ukuta huo huisogeza injini mbele, na sentimita anazookoa nyuma anazikosa kwenye feni.

Kifuniko huchagua kiwango cha kuchemka. Kwenye usawa wa bahari maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Yakishinikizwa kwa bar moja zaidi huvumilia hadi nyuzi 120. Rejeta nyingi za shaba zenye umbo la kale hazikuundwa kwa shinikizo hilo, kwa hiyo hufuatwa kiwango cha mtengenezaji. Isitoshe, kifuniko kilicho kwenye tangi la juu kiko upande unaopokea msukumo wa pampu, hivyo injini ikizungushwa kwa kasi kinaweza kufunguka na kumwaga maji hata kabla hayajachemka. Chupa ya akiba huyadaka na kuyarudisha.

Feni inayozungushwa na mkanda hufaa ikiwa na kava linalofunika uso wote wa rejeta, mapanga yakiwa nusu ndani na nusu nje. Bila kava huvuta kupitia duara lake tu, na pembe za rejeta hubaki pambo. Feni ya umeme hufungwa nyuma nafasi ikiruhusu, maana ikikaa mbele huziba hewa gari likiwa kasi. Nayo hutaka umeme wa volti 12 na alteneta ya kutosha. Ford hiyo ilizaliwa na volti 6.

Rejeta hukalishwa juu ya raba ili mtikisiko wa chasi usipasue viungo. Baada ya kujaza maji na kutoa hewa iliyonaswa, gari huonyesha lenyewe penye upungufu. Likipata joto kwenye foleni na kupoa barabarani, tatizo ni feni au kava. Likipata joto kwenye mwendo kasi, hushukiwa eneo dogo, mirija iliyoziba, mpira wa chini unaonywea kwa mvuto wa pampu, au hewa ya moto isiyo na pa kutokea chini ya boneti.