Fungua kinywa, toa ulimi: kipimo cha Mallampati kinatabiri nini hasa?

Kama umewahi kuandaliwa kwa upasuaji, huenda alikuja mtu kitandani akakwambia ukae wima, ufungue kinywa mpaka mwisho, utoe ulimi nje, na usitoe sauti. Akachungulia sekunde mbili tatu, akaandika namba ya Kirumi kwenye faili, akaondoka. Hukuambiwa ni ya nini. Leo tuiongelee hiyo namba, maana naona tunaiheshimu kuliko inavyostahili.

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Ukilazwa usingizi mzito na kupewa dawa ya kulegeza misuli, unaacha kupumua. Mtaalamu wa usingizi anakupumulia: anakupa hewa kwa barakoa, kisha anaingiza laringoskopu kinywani, anasukuma ulimi pembeni, anazitafuta nyuzi za sauti na kupitisha mrija katikati yake. Kwa watu wengi kazi hiyo haimalizi dakika. Kwa wachache nyuzi hazionekani, na kama barakoa nayo imegoma kupitisha hewa, ubongo una dakika chache tu kabla haujaanza kuharibika. Ndiyo maana swali la "huyu atasumbua?" linaulizwa mapema, wewe ukiwa bado unajipumulia mwenyewe.

Seshagiri Mallampati, daktari wa usingizi huko Boston, alikuja na jibu rahisi. Kama ulimi ni mkubwa kwa nafasi iliyopo kinywani, utaficha kimeo na nguzo za koo zilizo pembeni yake, na huenda ukaficha njia ya hewa vilevile. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 210 waliogawanywa madaraja matatu. Mwaka 1987 Samsoon na Young wa Uingereza wakaongeza la nne. Kipimo hakina gharama, hakihitaji umeme wala mashine. Unaelewa kwa nini kilisambaa dunia nzima.

Sasa mimi si daktari wa usingizi. Shahada yangu ya uzamili ni ya takwimu za afya, na ugonjwa wangu ni kuuliza "kati ya wangapi?" Katika wale 210, waliokuwa daraja la tatu, lile la hatari, walikuwa 15 tu. Kweli, karibu wote walikuja kuonekana wagumu. Lakini watu 15 ni abiria wa daladala iliyojaa nusu. Sina ugomvi na Mallampati, kwani kila wazo huanzia mahali padogo. Ugomvi wangu ni na sisi tuliokuja baadaye, tuliobeba ile picha safi ya mwanzo na kuwafundishia wanafunzi kana kwamba haijaguswa.

Na imeguswa sana. Mwaka 2005 Shiga na wenzake walikusanya tafiti 35 zenye wagonjwa 50,760 ambao kwa macho walionekana kawaida. Ugumu ulitokea kwa asilimia 5.8. Kipimo cha Mallampati kiliwanasa asilimia 49 ya wagumu, na kiliwaachia kwa haki asilimia 86 ya wasio wagumu. Hebu tupige hesabu pamoja, usiogope.

Chukua watu 1,000. Wagumu ni 58. Kipimo kinanasa 28, kinawakosa 30. Yaani zaidi ya nusu ya watu tunaowatafuta wanapita mlangoni wakiwa na alama nzuri. Wasio wagumu ni 942, na asilimia 14 kati yao, kama 132, wanapigiwa kengele bure. Jumla ya kengele ni 160, za kweli 28. Daktari akiona daraja baya, basi uwezekano wa kukutana na shida kweli ni kama mmoja kati ya sita. Akiona daraja zuri, hatari imeshuka kutoka 58 kwa elfu hadi kama 36 kwa elfu. Imeshuka, sawa. Lakini ungelala kwa amani kwa sababu ya tofauti hiyo?

Mtu atasema hizo ni hesabu za kwenye karatasi, daktari mzoefu anaangalia mengi kwa pamoja: shingo, kidevu, meno, uzito. Swali zuri. Watafiti wa Denmark walilijibu mwaka 2015 kwa kumbukumbu za wagonjwa 188,064 wa hospitali za kawaida, wakilinganisha alichotabiri daktari na kilichotokea. Kati ya wagonjwa 3,391 waliokuwa wagumu kuwekewa mrija, asilimia 93 hawakuwa wametabiriwa. Na walipotabiri ugumu, walipatia mara moja tu kati ya nne. Kuhusu barakoa kugoma, asilimia 94 ilikuwa ya kushtukiza. Nilisoma mara mbili nikidhani nimegeuza namba.

Basi tuwape fomu, si ndiyo desturi yetu? Wadenmark haohao walijaribu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa zaidi ya 64,000, idara zilizopangiwa zilitumia fomu ya alama ya mambo saba, Mallampati ikiwa mojawapo, na nyingine ziliendelea na mazoea yao. Ugumu wa kushtukiza ulikuwa uleule pande zote mbili, kama asilimia 2.4.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye makala za huko sijalikuta likijadiliwa, ila kwetu lipo mtaani. Madaraja haya yanakitegemea kimeo: kikionekana chote ni daraja fulani, likionekana shina lake tu ni jingine. Je, asiye na kimeo?

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenda kufanyiwa upasuaji wa nyongo. Kijana wa usingizi alimwangalia kinywani, akawasha tochi ya simu, akaangalia tena, akaandika III, akafuta. Akamwita mkubwa wake. Yule mama akachungulia kidogo akauliza, "Mama, ulikatwa kimeo?"

"Nilikatwa mdogo kabisa, mwanangu. Nilikuwa nakohoa."

Wote wakacheka, na kijana akaandika upya. Kukata kimeo kwa mganga wa jadi kwa ajili ya kikohozi cha mtoto ni jambo ambalo wengi wetu tuna ndugu aliyefanyiwa. Kwa watu hawa, mpaka kati ya daraja la pili na la tatu umefutika, na hakuna mstari kwenye fomu wa kuandika hivyo. Kipimo kilichotungwa kwa vinywa vya Boston kinahitaji jicho la mtu anayejua historia ya vinywa vya hapa.

Wanaokitetea wana hoja moja nzuri. Tangu Yentis alipouliza hadharani mwaka 2002 kama kutabiri ni zoezi la maana au ibada tupu, jibu la kawaida limekuwa kwamba ibada angalau inakulazimisha ufikirie njia ya hewa kabla ya kugusa sindano. Nakubali, kwa sharti moja: alama nzuri isigeuke ruhusa ya kuacha vifaa vya akiba kabatini. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley aliingia kwenye upasuaji mdogo wa pua ambao haukutarajiwa kuwa na shida. Mrija ulikataa, hewa ikakataa, na madaktari wazoefu wakaendelea kujaribu mrija huku muda unakwenda. Alifariki siku kadhaa baadaye. Mumewe, rubani, hakutumia miaka iliyofuata kudai kipimo bora cha utabiri. Alidai timu zifundishwe la kufanya utabiri ukishindwa, kama marubani wanavyofundishwa.

Katika ile fomu ya mambo saba, ninaloliamini zaidi ndilo lisilohitaji tochi: mara ya mwisho ulipolazwa usingizi, ilikuwaje? Shida ni kwamba jibu unalo wewe, na wewe ulikuwa umelala. Unatoka na koo linalowasha na karatasi ya kuruhusiwa inayotaja nyongo, dawa na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Nililisoma la shangazi mbele na nyuma, sikuona neno kuhusu mrija. Nikarudi kumtafuta yule kijana. Aliguna kidogo, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi: jaribio la kwanza, nyuzi zote zimeonekana, barakoa haikusumbua, hana kimeo. Shangazi ameikunja na kuiweka pamoja na kadi yake ya bima.