Kuungama kwa Mugo

Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, hujiruhusu saa mbili za riwaya. Mzee mwenzangu wa kanisa alinikuta barazani nikisoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, akaniuliza kama hizo si saa za Biblia. Nikamwambia jina la kitabu limetoka Yohana 12:24, pale Bwana Yesu anaponena juu ya chembe ya ngano. Hakuridhika sana, ila aliketi tukanywa chai.

Riwaya hii ilitoka mwaka 1967. Inasimulia siku chache kabla ya Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963, katika kijiji cha Thabai, huku ikirudi nyuma hadi miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wanakijiji wanamtaka Mugo ahutubu siku ya sherehe. Aliteswa kizuizini asiseme neno, kwa hiyo wanamwona shujaa. Wanamtafuta pia aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa, na wengi wanamshuku Karanja, aliyekuwa homgadi. Kumbe ni Mugo mwenyewe. Nisamehewe kwa kuifichua siri. Utamu wa kitabu hauko hapo.

Kinachonirudisha ni neno kuungama. Kambini, serikali iliwashurutisha wafungwa waungame kiapo, na aliyeungama alisogezwa karibu na nyumbani. Gikonyo, fundi seremala, aliungama kwa kumtamani mkewe Mumbi. Akarudi akamkuta amezaa na Karanja. Mugo hakuungama kwa kuwa hakuwahi kula kiapo. Lakini siku ya Uhuru, mbele ya umati, lawama zikiwa zimeshamwelekea Karanja, anajitokeza mwenyewe na kusema. Sijasoma ungamo lililo wazi zaidi katika hadithi yoyote, na halikutokea kanisani.

Hapo ndipo kitabu kinapotuuma. Kihika anaishika Biblia kuliko wahubiri, na wahubiri wanachorwa kama watu wa upande wa serikali. (Sura za Thompson, ofisa Mzungu, nilizisoma haraka, ni baridi kidogo.) Nadhani Ngũgĩ ametupunja. Walikuwako Wakristo wa uamsho waliokataa kiapo, wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali, na baadhi yao wakauawa. Hao riwaya inawapita mbio. Lawama nyingine, hata hivyo, ni za haki. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, akawaambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa kanisa. Walimsikiliza, na mimi naona walifanya vyema.

Babu yangu alikula kiapo. Mdogo wake alikuwa homgadi. Walikaa katika kanisa moja zaidi ya miaka thelathini, wakashiriki meza ya Bwana pamoja, na sijasikia kwamba mmoja alimwambia mwenzake lolote juu ya miaka ile. Nilipofika pale Mugo anaposema, nilifunga kitabu kwanza. Mzee mwenzangu akauliza kuna nini. Nikamsimulia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwazime nikimaliza.

Amekaa nacho mwezi wa pili sasa.