Nani Kasema, na Amejuaje?

Chini ya aya safi kuhusu Mlima Kilimanjaro, mwanafunzi wa kidato cha tatu ameandika maneno mawili: "Chanzo: Google." Mwalimu hakuyakata wala hakuandika "kosa". Alichora alama ndogo ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, akalifunga daftari, akavuta jingine. Nusu ya rundo lile ilikuwa na maneno hayo hayo, na kila moja lilipata alama yake, bila haraka, kama fundi cherehani anavyotia chaki kabla ya kushika mkasi.

Anafundisha jiografia katika shule moja ya kutwa mjini Tanga. Niliomba kukaa nyuma ya darasa lake kwa vipindi kadhaa, nione mtoto anavyofundishwa kutafuta habari kwenye intaneti, kuipima, kisha kusema ameitoa wapi. Nilikuwa nimewahi kuona kazi hii ikifanywa kwa dakika kumi: mwalimu anaandika ubaoni orodha ya tovuti nzuri na tovuti mbaya, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Hapa ilichukua muhula mzima.

Kipindi cha kwanza kompyuta hazikuwashwa. Aliuliza nani kati yao familia yake imewahi kuhama nyumba. Mikono ikapanda.

"Nyumba mliipataje?"

"Kwa dalali, Mwalimu."

"Nyumba ilikuwa ya dalali?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Na mkataba mliandikiana na nani?"

"Na mwenye nyumba."

Akanyamaza. Akasimama karibu na dirisha, chaki mkononi, akaacha kimya kikae. Walimu wengi tungeshindwa hapo, maana jibu liko kwenye ncha ya ulimi na kengele haiko mbali. Yeye alisubiri mpaka kijana mmoja wa dawati la nyuma aliposema polepole, kama anayejisemea, "Kwa hiyo Google ni dalali." Mwalimu akaliandika ubaoni kama lilivyotamkwa, akasema, "Haya, kesho tutafute wenye nyumba." Aliongeza jambo moja tu: dalali naye huweza kulipwa ili akupeleke kwanza nyumba fulani, ndiyo maana majibu ya juu kabisa mara nyingine yana alama ya tangazo.

Siku ya pili walikaa watatu watatu, kwa kuwa kompyuta hazitoshi, na upungufu huo ameugeuza kuwa mpango. Mmoja anashika kipanya, mmoja anashika kalamu, wa tatu kazi yake ni kuuliza. Muulizaji haruhusiwi kugusa chochote. Ana maswali mawili tu, na anatakiwa ayarudie hadi wenzake wachoke: nani kasema, na amejuaje? Kila wiki wanabadilishana. Niliona kwamba muulizaji ndiye anayejifunza haraka kuliko wote, kwa sababu macho yake hayana kazi nyingine.

Sheria yao ya kwanza ni kutobonyeza. Matokeo yakija, mikono inashuka mapajani, wanasoma orodha nzima kwanza: anwani, jina la mwenye tovuti, yale maelezo mafupi ya chini. Mama anayejua samaki hufanya vivyo hivyo sokoni. Anazizunguka meza zote, anatazama macho na mashavu ya samaki, ndipo anauliza bei. Kwa kijana wa miaka kumi na sita ambaye kidole chake kimezoea kubonyeza cha kwanza kinachojitokeza, kukaa sekunde thelathini bila kubonyeza ni mazoezi makali. Mwalimu anatembea nyuma yao akinong'ona, "Bado. Bado."

Baada ya kubonyeza ndipo inakuja mbinu ya pili, nayo ina historia yake. Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachukua watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wahakiki habari 10 wa vyombo vya habari. Waliwapa tovuti wazipime, wakawa wanawatazama. Miongoni mwa tovuti hizo zilikuwamo mbili za madaktari wa watoto zenye majina yanayokaribiana. American Academy of Pediatrics ni chama cha mwaka 1930 chenye makumi ya maelfu ya wanachama, na American College of Pediatricians ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanahistoria na wanafunzi walikaa kwenye ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakasifu nembo, mpangilio na orodha ya marejeo. Wengi walipotea. Wahakiki walifanya jambo linaloonekana kama utovu wa adabu: waliupa ukurasa mgongo. Baada ya sekunde chache walifungua vichupo vingine na kuwauliza watu wa nje, hawa ni akina nani? Walipata jibu mapema, na lilikuwa sahihi.

Mwalimu wa Tanga anaiita njia hiyo "kuuliza majirani". Ukitaka kumjua mchumba, anawaambia, humuulizi yeye mwenyewe peke yake. Wanacheka, na hawasahau.

Lakini kazi yenyewe hasa niliiona kwenye Kilimanjaro. Alikuwa amewapa swali linaloonekana la mtoto wa darasa la nne: mlima una urefu gani? Kila kundi lilijibu kabla hajamaliza kuuliza, mita 5,895. "Nani kasema?" Wakaleta tovuti za kampuni za utalii, moja, mbili, kumi, zote na namba ile ile. Msichana mmoja alisimama kwa kujiamini: "Mwalimu, tovuti ishirini zimekubaliana." Mwalimu akamwuliza kama kuna hata moja kati ya hizo ishirini iliyosema nani alipima. Wakarudi kutafuta. Hakuna. "Mashahidi ishirini wanaorudia neno la mtu mmoja," akasema, "ni shahidi mmoja."

Wakatafuta tena. Wikipedia hawakukatazwa, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu katazo la Wikipedia limewafanya watoto wengi waitumie kwa kificho na kuificha kwenye marejeo. Mwalimu anawaelekeza waingie kama mtu anayepita ukumbini kuelekea ghalani: moja kwa moja hadi chini, kwenye tanbihi, waone kila sentensi imeshikwa na nini. Anawafungulia pia ukurasa wa historia ya mabadiliko, waone nani amegusa nini na lini. Na kwa kuwa Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, wanaufungua ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza bega kwa bega na kuona wapi zinapishana.

Huko chini ndiko walikokutana na wapimaji. Mita 5,895 ni za upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu wa Dar es Salaam na wa Karlsruhe, Ujerumani, walipima kwa setilaiti wakapata takriban 5,892. Mwaka 2008 ikapimwa tena, ikawa takriban 5,891. Zogo likazuka darasani. Mlima umepungua? Theluji imeyeyuka? Mwalimu aliwaacha wabishane, kisha akauliza swali la pili, lile la "amejuaje". Hapo ndipo jiografia ilipoingia kwa mlango wa mbele. Kilele ni mwamba, na tofauti ile inatokana na njia ya kupima na namna ya kukokotoa usawa wa bahari mahali palipo mbali na bahari. Setilaiti inapima kutoka umbo la dunia lililobuniwa kwa hesabu, na lazima urekebishe ndipo upate urefu kutoka baharini. Kijana aliyedhani amemaliza kazi kwa neno moja sasa alikuwa na namba tatu, watu watatu wa kuwataja, na sababu ya kutofautiana kwao. Kibao cha Kilele cha Uhuru bado kinasema 5,895. Na hilo nalo waliliandika.

Nimefikiri sana kwa nini wanafunzi wale hawakuona kutaja chanzo kuwa ni adhabu. Nadhani ni kwa sababu ya alichofanya wiki iliyofuata. Wengi wao wamepita madrasa. Aliwauliza, ustadhi akikusomea hadithi, huanza na nini? Wakajibu kwa pamoja: fulani amepokea kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Na mnyororo ukikatika? "Hadithi inakuwa dhaifu, Mwalimu." Hakuwa na haja ya kuendelea. Watoto hawa walikuwa tayari wamerithi elimu ya zaidi ya miaka elfu moja ya kumchunguza mpokezi, alikuwa mkweli au la, alikutana kweli na anayedai kumsikia au la. Jina la mwandishi, kichwa cha makala, tovuti, tarehe ya kuchapishwa, anwani, tarehe uliyoisoma: waliyaona hayo yote kama sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na wakaanza kuyaandika kwa mkono mzuri. Wasio wa madrasa waliuelewa mnyororo kwa kuusikia tu.

Tarehe ya kusoma waliiuliza: ya nini? Akawafungulia anwani aliyokuwa ameihifadhi miaka iliyopita, ukurasa ukagoma, haupo tena. Kisha akaenda kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za kale iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, akaiweka anwani ile ile, na ukurasa uliokufa ukatokea na tarehe yake. Darasa zima liliguna. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau tarehe.

Siku hizi kuna mtihani mpya. Programu za akili mnemba mara nyingine hutoa marejeo mazuri sana, yenye mwandishi, mwaka na kurasa, ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Mwalimu hakuwahutubia. Aliwapa orodha ya vitabu vitano aliyoipata kwenye programu mojawapo, akawaambia wavitafute kwenye katalogi za maktaba na za wachapishaji. Walitafuta kipindi kizima. Viwili tu vilikuwepo.

Ujuzi huu hauji wenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani, waliopewa video yenye picha za ukungu iliyodaiwa kuonyesha wizi wa kura nchini humo. Asilimia 52 waliikubali kuwa ushahidi mzito. Ilikuwa imepigwa Urusi, na waliogundua hivyo, huku intaneti ikiwa wazi mbele yao, walikuwa watatu tu. Naitaja namba hiyo kila ninaposikia mtu akisema watoto wa siku hizi wamezaliwa na teknolojia, hawahitaji kufundishwa.

Kipindi cha mwisho nilichohudhuria, madaftari yalirudishwa tena. Nililiomba lile la Kilimanjaro. Alama ya kuuliza ilikuwa bado ipo, na chini yake, kwa mwandiko ule ule, msichana ameandika urefu wa mwaka 1952 na waliopima, wa mwaka 1999 na waliopima, wa mwaka 2008, anwani tatu, na tarehe aliyosoma kila moja. Mwalimu alikuwa ametia vema moja nyekundu pembeni, ndogo kama alama ile ya kwanza.