Safari, Uhalifu na Mahaba: Uhalali wa Mwisho Mwema katika Drive-Away Dolls

Katika masimulizi ya safari, barabara huwa ni zaidi ya mandhari. Humtoa mhusika katika mazoea yake, humkutanisha na asiowatarajia, na hatimaye humlazimisha ajitambue. Filamu ya Drive-Away Dolls (2024), iliyoongozwa na Ethan Coen kutokana na mswada alioandika pamoja na mkewe, Tricia Cooke, inautumia muundo huu mkongwe kusimulia mahaba ya wanawake wawili ndani ya futuhi ya kihalifu. Makala haya yanadai kwamba mwisho mwema wa filamu hii, ambao ndio kiini cha maana yake, unahalalishwa na msuko wa mahaba lakini unadhoofishwa na msuko wa uhalifu.

Hadithi imewekwa katika mwaka wa 1999. Jamie (Margaret Qualley), msemaji asiye na soni ambaye ametengana na mpenzi wake Sukie, anaandamana na rafikiye Marian (Geraldine Viswanathan), mwanamke mkimya aliyejifungia nafsini, kutoka Philadelphia hadi Tallahassee, Florida. Wanajitolea kuendesha gari linalotakiwa kufikishwa huko. Kwa kuwa mji wanaoutaja ndio uliokusudiwa na genge la wahalifu, mwenye ofisi anawakabidhi gari lisilo lao. Katika buti mna sanduku lenye kichwa cha mtu, na mkoba wenye siri. Majambazi wawili wanatumwa kuwasaka.

Siri ya mkoba ni tashtiti tupu. Mna viungo bandia vya kiume, kimoja kikiwa kimefinyangwa kwa mfano wa Seneta Channel (Matt Damon), mwanasiasa anayejinadi kama mlinzi wa maadili ya familia. Katika hadithi nyingi za uhalifu kinachowindwa huwa ni dhahabu au fedha; hapa kinachowindwa ni aibu ya mkubwa. Kinaya ni kwamba aibu hiyo inasafirishwa, bila wao kujua, na wanawake ambao siasa za seneta zingewahukumu. Kicheko kinachozuka hakiwalengi wapenzi wawili bali unafiki wa mwenye mamlaka.

Usanii wa filamu umekolea zaidi katika usawiri wa Marian. Njiani anasoma The Europeans (1878), riwaya ya Henry James, na uteuzi huo si pambo. Riwaya hiyo inahusu wageni kutoka Ulaya wanaowatembelea jamaa zao wenye maadili makali huko New England, na katika mkutano huo Gertrude, binti aliyelelewa katika kujizuia, anazinduliwa na Felix mchangamfu. Uhusiano wa Marian na Jamie unaufuata mkondo huohuo. Marian hashindwi nguvu wala hahubiriwi. Anafunguka hatua kwa hatua, huku mbinu rejeshi ikituonyesha kwamba hamu yake ilianza utotoni, kabla ya Jamie. Jamie naye, aliyezoea mapenzi ya kupita, anajifunza kutulia. Kwa hiyo furaha yao ya mwisho ni tunda la mabadiliko yaliyoonekana.

Msuko wa uhalifu hauna nguvu hiyo. Majambazi ni wazembe na wagomvi, na ugomvi wao ndio unaowaangamiza. Hadhira inacheka lakini haiogopi. Hapa ndipo penye kasoro, kwani futuhi ya kihalifu hutegemea hatari inayoaminika: kicheko huwa kitamu pale kifo kinapokaribia. Filamu ya dakika 84 pekee ingeweza kuwapa wanaowinda uzito zaidi bila kupoteza wepesi wake.

Hata hivyo, wepesi huo una historia ya kuujibu. Katika Thelma & Louise (1991), wanawake wawili wanaokimbia sheria wanaishia kuliendesha gari lao katika korongo; uhuru wao unalipiwa kwa uhai. Nchini Kenya, Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku mwaka huohuo, na mwongozaji ameeleza kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho wake wenye matumaini ubadilishwe. Mfano huu unadhihirisha kuwa mwisho wa hadithi si suala la fani tu. Anayeamua wapenzi waishieje ndiye anayeamua ni nani anayestahili kutumainia.

Kwa mtazamo huo, uamuzi wa Coen na Cooke wa kuwaacha Jamie na Marian wakiwa hai, pamoja na wenye furaha, ni msimamo na si urahisi. Udhaifu wa filamu haumo katika kuwapa mwisho mwema, bali katika kutoufanya uonekane kuwa ungeweza kukosekana.