Pesa ya Simu Imeingia Wapi?

Mwaka 2023 kampuni ya Transsion, mama wa Tecno na Infinix, iliingiza sokoni simu mbili zinazofanana mno ukizilaza sambamba kwenye kabati la duka. Tecno Spark 10 Pro na Infinix Note 30 zote zina betri ya 5,000 mAh, kioo cha takribani inchi 6.8 na RAM ya GB 8. Muuzaji wa Kariakoo akikusomea namba hizo, utachukua ya bei nafuu, yaani Spark, na hakuna wa kukulaumu.

Tofauti imejificha ndani. Spark inatumia chipu ya MediaTek Helio G88 ya nanomita 12; Note 30 inatumia Helio G99 ya nanomita 6. Transista zikiwa ndogo, kazi ileile inafanyika kwa umeme kidogo zaidi, simu haichemki upesi na chaji inakaa. Hilo pekee lina thamani yake, lakini mimi ningelipa nyongeza kwa sababu ya storeji.

G88 hufanya kazi na storeji ya aina ya eMMC 5.1, G99 inakubali UFS 2.2. Kikomo cha eMMC 5.1 ni megabaiti 400 kwa sekunde, UFS 2.2 inavuka 1,000. Tena eMMC ni daraja la njia moja: ikiandika haisomi, ikisoma haiandiki. UFS inafanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana simu ya eMMC, Play Store inapopakua masasisho kimyakimya, inaganda pale unapofungua WhatsApp. Kioo kinakubali kidole, programu inachelewa kuja, na mwenye simu analaumu mtandao. RAM ipo ya kutosha. Kinachosubiriwa ni storeji imalize kuandika.

Hapo ndipo maandishi ya "16GB" kwenye boksi yanaponiudhi. GB 8 ni RAM halisi, nane nyingine ni sehemu ya storeji iliyoazimwa. RAM halisi ya LPDDR4X inapitisha megabaiti zaidi ya 10,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuijumlisha na eMMC ni kujumlisha vitu visivyolingana hata kidogo. Mbaya zaidi, RAM hiyo ya kuazima inaiongezea kazi storeji ambayo tayari imelemewa. Kwenye simu ya eMMC mimi naizima kwenye mipangilio.

Tuwape haki yao: Transsion walilisoma soko la Afrika kuliko wengi. Laini mbili, betri kubwa na kamera iliyorekebishwa ili sura nyeusi zitoke vizuri yalikuwa mahitaji ya kweli, na waliyatimiza kwa bei ambayo watu wanaimudu. Kwa bei hiyo lazima kitu kipunguzwe mahali, na kinapunguzwa pale ambapo mnunuzi hana mazoea ya kuuliza.

Basi uliza. Jina la chipu utalipata kwenye mipangilio au kwenye tovuti ya mtengenezaji, na aina ya storeji hutajwa kwenye orodha ya sifa. Isipotajwa, mara nyingi ni eMMC. Muuzaji akikuruhusu, nakili video kubwa kutoka folda moja kwenda nyingine na papo hapo fungua kamera. Simu ya storeji dhaifu itajionyesha hapohapo, dukani, kabla hujatoa pesa.

Kama simu ni ya mzee wa nyumbani anayepiga, anayepokea M-Pesa na kutumiwa picha za wajukuu, eMMC inamtosha, chukua ya bei nafuu. Ila mnunulie ya GB 128, maana storeji ya namna hii ikikaribia kujaa inazidi kuwa nzito, na picha za wajukuu haziishi kuja.